Mrejeo katika Muziki wa Jazi: Historia ya Vipimo Viwili Visivyo na Mwenyewe

0. Utangulizi

Ushairi wa Kiswahili unayo bahari iitwayo pindu, ambayo malenga wengine huiita mkufu. Ndani yake maneno yanayofunga ubeti mmoja ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata, hata msikilizaji asiweze kusema kwa yakini ni wapi wa kwanza ulipokwisha na ni wapi wa pili ulipoanza. Muziki wa jazi wa Marekani unacho kifungu kinachofanya kazi iyo hiyo. Hukaa mwishoni mwa mzunguko wa wimbo, kwa kawaida katika vipimo viwili vya mwisho, na kazi yake ni kuurudisha wimbo mwanzoni pasipo kuuvunja. Wanamuziki wa Marekani hukitaja kwa neno lenye maana ya kugeuka na kurudi. Katika makala haya kitaitwa mrejeo.

Vitabu vya mafunzo hukichukulia kifungu hiki kuwa ufundi tu: mwanafunzi hupewa akodi nne, huzikariri katika funguo zote 12, kisha huendelea na somo jingine. Historia yatoa picha nyingine. Katika muda wa miaka 30 hivi, tangu 1930 hadi 1960, vipimo hivyo viwili vilikuwa mahali ambapo wanamuziki weusi wa Marekani walijadiliana, kwa ala zao, juu ya swali lililowagusa katika sanaa na katika riziki yao: wimbo ni mali ya nani? Makala haya yanakusudia kueleza kwanza jinsi mrejeo unavyofanya kazi, kisha kuifuata safari yake, na mwishowe kutazama kwa ufupi uhusiano wake na muziki wa Kongo uliobeba jina la jazi.

1. Mrejeo ni nini?

Akodi ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Kila ufunguo una akodi ambayo ni kama nyumba yake. Katika ufunguo wa do, nyumba hiyo ni akodi iliyojengwa juu ya do. Akodi iliyojengwa juu ya sol ndiyo inayoita kurudi nyumbani kwa nguvu zaidi, kwa kuwa ndani yake mna sauti ya si, iliyo nusu hatua tu chini ya do. Hata mtu asiyejua jina la sauti yoyote huuhisi mvuto huo, kama vile asiyesoma sarufi ahisivyo kwamba sentensi aliyoisikia haijakamilika.

Nyimbo nyingi za dansi za Marekani za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilikuwa na vipimo 32, vilivyogawanywa katika sehemu nne zenye vipimo vinane kila moja: sehemu ya kwanza, marudio yake, sehemu ya kati iliyo tofauti, na marudio ya mwisho. Katika kila marudio, mwimbaji hufika nyumbani mapema, katika kipimo cha saba. Hapo ndipo tatizo linapozuka. Maneno yamekwisha, sauti ya wimbo imetulia juu ya do, na bado pana vipimo viwili, yaani mapigo manane, kabla ya sehemu mpya kuanza. Wapigaji wakikaa juu ya akodi ya nyumbani muda wote huo, muziki huonekana kuwa umekwisha, na mcheza dansi hutafuta kiti chake.

Ufumbuzi ni kuligawa pengo hilo mara nne, mapigo mawili kwa kila akodi: do, la ndogo, re ndogo, sol. Tangu la hadi re, re hadi sol, na sol hadi do ya mzunguko mpya, sauti ya msingi huteremka kila mara kwa mwendo ule ule wa sauti tano. Kwa hiyo wimbo hutoka nyumbani, huenda mbali kidogo, na kila hatua inayofuata humrudisha msikilizaji karibu zaidi. Huo ndio mrejeo katika umbo lake la kawaida. Hauna maneno, hauna sauti inayoimbika, wala mtunzi wa wimbo mara nyingi hakujishughulisha nao. Ni kazi ya wale wanaosindikiza.

2. Chimbuko: blusi na ukumbi wa dansi

Mrejeo haukubuniwa na mtu mmoja. Mfululizo wa sauti za msingi zinazoteremka kwa tano ulikuwa umezoeleka katika muziki wa Ulaya tangu karne ya 17, na wapiga piano weusi wa ragitaimu waliutumia sana kabla ya 1910. Blusi nayo ilikuwa na njia yake. Umbo lake lililoenea zaidi lina vipimo 12. Katika kipimo cha 11 wimbo hufika nyumbani, na katika cha 12 akodi ya sol, kwa anayepiga katika ufunguo wa do, huitisha ubeti mwingine. Wapiga gitaa wa kusini mwa Marekani walivipamba vipimo hivyo kwa sauti zinazoteremka nusu hatua kwa nusu hatua. Robert Johnson, aliyerekodiwa katika jimbo la Texas mwaka 1936 na 1937, alikifanya kifungu hicho kuwa alama ya mkono wake, hata wapiga gitaa wa baadaye wakakiiga sauti kwa sauti.

Sababu kubwa ya kustawi kwa mrejeo ilikuwa matumizi. Katika ukumbi wa dansi wimbo mmoja haukuwa na mwisho uliopangwa. Watu wakicheza, orkestra iliurudia mzunguko mara 10 au 20. Na tangu Louis Armstrong alipoonyesha, katika santuri alizorekodi Chicago kati ya 1925 na 1928, kwamba mpigaji mmoja aweza kubuni papo hapo sauti mpya juu ya akodi za wimbo, kila mzunguko ukawa nafasi ya mtu kusema neno lake. Mrejeo ukageuka kuwa kizingiti cha zamu: anayemaliza anatoka, anayefuata anaingia, na nyuma yao akodi nne zinauweka mlango wazi. Mwenye busara alianza kupiga kabla ya mzunguko wake, ndani ya vipimo viwili vya mwenzake, kama mjumbe anayeinuka kitini wakati msemaji aliyetangulia angali anamalizia.

3. Mwaka 1930: marejeo yanakuwa makazi

Mwezi wa Oktoba 1930, mchezo wa kuigiza wenye nyimbo uitwao Girl Crazy ulifunguliwa Broadway, mjini New York. Muziki wake ulitungwa na George Gershwin, mwana wa wahamiaji Wayahudi kutoka Urusi. Miongoni mwa wapigaji wa orkestra walikuwamo vijana wawili waliokuja kujulikana sana katika jazi, Benny Goodman na Gene Krupa. Wimbo mmojawapo, I Got Rhythm, ulikuwa na jambo la pekee. Akodi zake za mwanzo, kwa anayepiga katika ufunguo wa si bemoli, ni si bemoli, sol ndogo, do ndogo na fa, tena zinarudiwa. Kwa maneno mengine, sehemu ya kwanza ya wimbo ilikuwa imejengwa kwa akodi zile zile za mrejeo. Kilichokuwa kizingiti kilifanywa nyumba nzima.

Wanajazi walikitambua mara moja kitu kilichotoka kwao. Waliviondoa vipimo viwili vya nyongeza vilivyokuwa mwishoni mwa wimbo wa Gershwin, ukabaki na vipimo 32 kamili, kisha wakaitupa sauti yake na maneno yake, wakabakiza akodi. Mnamo 1932 Sidney Bechet alirekodi Shag juu ya akodi hizo. Lester Young na kikundi kidogo cha Count Basie walifuata kwa Lester Leaps In mwaka 1939, na Duke Ellington kwa Cotton Tail mwaka 1940. Ukiacha blusi, ni vigumu kutaja msingi mwingine uliobeba nyimbo nyingi kama huo katika jazi.

Ni nani basi aliyemkopa mwenziwe? Gershwin alizipata akodi hizo katika lugha ya kawaida ya muziki wa wakati wake, lugha ambayo wapiga piano weusi walikuwa wameichangia kwa sehemu kubwa. Wao nao waliichukua katika muziki wa makanisa, wa kijeshi na wa Ulaya, wakaipa mwendo mwingine. Swali hili lafanana na lile la msamiati wa Kiswahili: neno lililoingia zamani, likanyambuliwa, likapewa ngeli na methali, halirudishwi tena kwa mwenyewe wa kwanza. Hata hivyo muziki una jambo ambalo msamiati hauna, nalo ni fedha.

4. Sheria na senti mbili

Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 iliweka kwamba kampuni inayotoa santuri ya wimbo uliosajiliwa imlipe mwenye wimbo senti 2 kwa kila nakala. Kiwango hicho kilidumu hadi mwisho wa 1977. Kilicholindwa ni sauti ya wimbo na maneno yake. Mfululizo wa akodi, kwa kuwa ulihesabiwa kuwa mali ya wote, haukulindwa. Solo iliyobuniwa papo hapo haikuwa na kinga ikiwa haikuandikwa, na sauti yenyewe iliyorekodiwa haikupata ulinzi wa sheria ya shirikisho hadi 1972.

Kwa mtazamo wa isimu, sheria hiyo iliilinda sentensi ikaiacha sarufi huru. Jambo hilo laonekana kuwa la haki, maana nani angeweza kumiliki upatanisho wa ngeli? Lakini kipawa cha mwanajazi kilikuwa zaidi katika yale yasiyolindwa: jinsi ya kuzipanga akodi, jinsi ya kuupinda mrejeo, jinsi ya kubuni juu yake. Mtunzi wa Broadway aliandika sauti yake, akaisajili, akalipwa. Mpiga saksofoni aliyebuni sauti bora kuliko hiyo usiku kucha alilipwa ujira wa usiku tu.

Kampuni ndogo za santuri zilizojitokeza New York baada ya mgomo wa kurekodi wa chama cha wanamuziki, uliodumu tangu Agosti 1942 hadi 1944, ziliona njia. Zilitaka nyimbo mpya juu ya akodi za zamani, ili zisilipe zile senti 2 kwa wenye nyimbo za zamani. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa tarehe 26 Novemba 1945. Charlie Parker na Dizzy Gillespie walikuwa wakirekodi kipande kilichojengwa juu ya akodi za Cherokee, wimbo wa Ray Noble wa mwaka 1938. Katika jaribio lililohifadhiwa, wanasikika wakiianza sauti ya Cherokee yenyewe, na mara wanakatizwa. Walipoanza upya, sauti hiyo ilikuwa imeondolewa. Kilichobaki ni utangulizi wao na solo. Kipande hicho kilitolewa kwa jina la Ko-Ko. Siku hiyo hiyo kilirekodiwa pia kipande juu ya akodi za I Got Rhythm, kilichokuja kujulikana kwa jina la Anthropology.

Wapo waliosimulia habari hizi kama ushindi mtupu wa ujanja wa msanii. Huko ni kupunguza ukweli. Ni kweli kwamba kwa njia hiyo Parker alipata jina la mtunzi, na jina hilo lilikuwa na thamani. Lakini aliyeokoa fedha kwanza ni mwenye kampuni. Mnamo 1946 Parker alirekodi Moose the Mooche, wimbo mwingine juu ya akodi zile zile. Jina lake ni lakabu ya mtu aliyekuwa akimwuzia dawa za kulevya mjini Los Angeles, na mwaka huo huo Parker alimtilia mtu huyo sahihi ya kumpa nusu ya mapato yake kutokana na mkataba wake na kampuni iliyoutoa wimbo huo. Basi hata pale sheria ilipomtambua kuwa mwenye wimbo, umaskini na uraibu vilimnyang'anya kile sheria ilichompa.

5. Mlango unapobadilishwa kitasa

Kuna upande mwingine wa habari, nao ni wa sanaa yenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya 1940, ukumbi uitwao Minton's Playhouse, katika mtaa wa Harlem, ulikuwa mahali ambapo wapigaji walikutana baada ya kazi za usiku. Thelonious Monk alikuwa kwenye piano, Kenny Clarke kwenye ngoma. Gillespie na wenzake walisimulia baadaye kwamba walizibadilisha akodi za nyimbo zilizozoeleka ili wasioziweza waogope kupanda jukwaani. Mrejeo ulikuwa mahali pazuri pa kutegea, kwa sababu kila mtu alidhani anaujua.

Badiliko mojawapo linastahili kuelezwa. Akodi ya sol yenye sauti ya saba ina sauti nne: sol, si, re, fa. Kinachoivuta kurudi nyumbani hasa ni si na fa. Sasa akodi ya re bemoli yenye sauti ya saba ina re bemoli, fa, la bemoli, na do bemoli, ambayo kwenye kinanda ni kibonyezo kile kile cha si. Zile sauti mbili zenye mvuto zimo ndani ya zote mbili. Kwa hiyo mpigaji aweza kuiondoa sol na kuiweka re bemoli mahali pake, na wimbo utafika nyumbani vile vile. Besi badala ya kuruka kutoka re hadi sol hadi do, huteremka taratibu: re, re bemoli, do. Ni kama kisawe kinachobeba maana ile ile kwa umbo lisilotazamiwa.

Aliyeifikisha njia hiyo mbali ni Tadd Dameron, mzaliwa wa Cleveland. Katika Lady Bird, aliouandika mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuurekodi mwenyewe mwaka 1948, hakubadilisha akodi moja. Alizibadilisha tatu kwa pamoja. Mahali pa la, re na sol aliweka mi bemoli, la bemoli na re bemoli, tena zote zikiwa akodi kubwa zenye utulivu. Mrejeo wake haumsukumi msikilizaji nyumbani. Humtembeza katika nyumba tatu za kigeni, kila moja ikionekana kuwa yaweza kukaliwa, kisha humrudisha kwa nusu hatua moja tu. Miles Davis alijenga Half Nelson juu ya akodi hizo mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya Dameron kurekodi wimbo wenyewe. Hadi leo mwanajazi akitaja mrejeo wa Lady Bird, wenzake huelewa bila kuuliza. Kwa sheria Dameron hakuwa mwenye akodi hizo. Kwa kauli ya wanamuziki wenzake ni zake. Hapo jumuiya ilitoa hukumu ambayo mahakama haikuwa na njia ya kuitoa.

6. Mwaka 1959: njia mbili za kutoka

Mnamo Novemba 1956 mpiga saksofoni John Coltrane alirekodi pamoja na Dameron santuri iitwayo Mating Call. Miaka miwili na nusu baadaye, mwezi wa Mei 1959, alirekodi Giant Steps. Wimbo huo wazunguka nyumba tatu zilizo mbali sawa kwa sawa, si, sol na mi bemoli, wala hauna mahali pa kupumzika: kila mapigo machache ni kurejea, na kila kurejea ni katika ufunguo mwingine. Mpiga piano Tommy Flanagan, bingwa asiyetiliwa shaka, anasikika katika solo yake akipapasa njia. Mwaka 1982 alirudi kurekodi wimbo huo tena, na safari hiyo njia aliijua.

Lakini tarehe 22 Aprili 1959, siku chache tu kabla ya hapo, Coltrane huyo huyo alikuwa studioni na Miles Davis wakimalizia Kind of Blue. Katika So What, kipande cha kwanza cha santuri hiyo, kuna vipimo 32 vya kawaida, lakini akodi za kurejea hazimo. Vipimo 16 vinakaa juu ya ngazi moja ya sauti, vinane juu ya nyingine iliyo nusu hatua juu, kisha vinane vinarudi chini. Mlango umeondolewa kabisa pamoja na fremu yake. Anayetaka kujua zamu imeishia wapi ahesabu mwenyewe au amsikilize mwenzake.

Yafaa kuzitazama kazi hizi mbili pamoja, maana zilijibu swali moja. Kwa miaka 30 mwanajazi alikuwa amepangishwa katika nyumba ya nyimbo za Broadway. Coltrane alijenga nyumba yake kwa vifaa vya mlangoni peke yake. Davis alihamia uwanjani. Katika hali zote mbili, wimbo wa zamani haukuhitajika tena, na zile senti 2 zilipaswa kulipwa kwa waliopiga.

7. Jina la jazi nchini Kongo

Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ikafuata mwaka 1956. Nchini Tanzania pia orkestra kama Morogoro Jazz na Western Jazz zilichukua jina hilo. Jina lilisafiri lakini akodi hazikusafiri nalo. Wapigaji wa Léopoldville waliyajenga mambo yao zaidi juu ya santuri za Kuba, na katika sehemu ya seben akodi mbili au tatu huzunguka kwa ufupi, tena na tena. Baadhi ya wanamuziki hulieleza neno seben lenyewe kuwa latokana na jina la Kiingereza la akodi ya saba. Katika mtindo huo mrejeo hauna pa kukaa, kwa sababu kila mzunguko mfupi tayari ni safari na kurudi. Gitaa la Mwenda Jean-Bosco, lililorekodiwa Jadotville mwaka 1952, laonyesha jambo la namna hiyo: kidole gumba hakiachi pengo la kuzibwa.

Majina na mambo yalikutana mwaka 1960. Mwishoni mwa Oktoba Louis Armstrong, akitumwa na serikali ya Marekani, alipiga Léopoldville wakati Patrice Lumumba akizuiliwa nyumbani kwake mjini humo. Mwezi uliofuata alifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, katika Katanga iliyokuwa imejitenga tangu Julai. Mtu aliyeifanya solo kuwa kiini cha jazi alitumiwa wakati huo kama sura njema ya nchi ambayo katika majimbo yake ya kusini watu weusi walikuwa bado wanazuiliwa kupiga kura. Swali la nani mwenye wimbo lilikuwa limekuwa swali la nani mwenye mwimbaji.

8. Hitimisho

Mrejeo ni vipimo viwili, akodi nne, sekunde chache. Historia yake imeonyesha kwamba kifungu kisichomilikiwa na mtu chaweza kuwa uwanja wa ubunifu mkubwa, na kwamba uhuru huo una gharama: kile ambacho ni cha wote, aghalabu hufaidiwa na mwenye mtambo wa kukirekodi. Jambo hili lawahusu watafiti wa nyimbo za Kiswahili za Kongo pia. Nyimbo nyingi za mijini Katanga zilizorekodiwa katika miaka ya 1950 zinasomwa kwa maneno yake tu, kwa kuwa maneno ndiyo yanayoandikwa. Mapigo ya gitaa yaliyoyabeba, ambayo wapigaji walirithishana bila karatasi, yanahitaji kuandikwa nayo, pamoja na jina la aliyeyabuni kila linapojulikana. Dameron alibahatika kuwa na wenzake waliomkumbuka kwa jina. Wapigaji wengi wa miji yetu hawajafanyiwa hivyo, na waliowasikia kwa masikio yao wanazidi kupungua.